Tusiwacheke Wanaohesabu Popo

Mwalimu mmoja mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Bungoma, aliketi ubavuni mwa mwandishi wa safu hii katika matatu iliyokuwa ikitoka Webuye kwenda Kitale. Mapajani alikuwa amelaza kijitabu cha mahafali ya chuo kikuu kimoja, kwani juma hilo mjukuu wake alikuwa amevishwa joho. Tulipopita Misikhu alikifungua kwenye kurasa zenye orodha ya tasnifu za uzamivu, akaanza kusoma vichwa vyake kwa sauti ya darasani. Mmoja alikuwa ameandika juu ya popo. Wa pili, juu ya uchachu wa udongo. Wa tatu, juu ya hotuba za matangani. Wa nne alikuwa ametumia miaka kadhaa kuchunguza neno moja tu la Lubukusu. Mzee akakifunga kijitabu, akauliza: "Mwanangu, nyumba hii haina mwenyewe? Kila mtu analima kishamba chake, na hakuna hata mmoja ajuaye jirani yake amepanda nini."

Abiria walicheka, na sisi tukacheka pamoja nao. Hata hivyo swali lile lilitufuata hadi Kitale, na halijatuacha mpaka leo, kwa sababu si swali la mzee huyo peke yake. Wazazi wanaouza ng'ombe ili kulipa karo huliuliza. Wanasiasa huliuliza majukwaani, aghalabu kwa kebehi, wakitaja kozi fulani fulani kuwa hazina soko. Sasa hata wanafunzi wetu wadogo wanalazimika kulijibu, maadamu Mtaala wa Umilisi umeigawa sekondari ya juu katika mikondo mitatu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ya sayansi za jamii, na ya sanaa na michezo. Mtoto aliyekwisha kubalehe juzi tu anaambiwa achague njia, na watu wazima waliomzunguka humnong'oneza kwamba njia ya kwanza ndiyo ya watu wenye akili, na zile mbili ni za waliobaki.

Twaona kwamba mzee wa matatu alikuwa na malalamiko mawili yaliyofungwa katika kitita kimoja. La kwanza, kwamba utafiti wa vyuo vyetu umetawanyika mno na mwingi hauna faida, tunalikataa. La pili, ambalo alilitoa baadaye tulipokaribia Kamukuywa, tunalikubali kwa moyo wote, na tutalifikia.

Tuanze na popo, maadamu ndio waliochekwa kwanza. Upande wa Trans Nzoia, ndani ya hifadhi ya Mlima Elgon iliyotangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1968, lipo pango liitwalo Kitum, lipenyalo mlimani kiasi cha mita 200. Mapango ya mlima ule yamewavuta wasomi wa kila namna kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson aliyaona mengine kama hayo, akawakuta watu wakiishi humo na mifugo yao, naye akakisia kuwa ni machimbo ya taifa fulani la kale lenye maarifa makubwa. Kisio hilo halikusimama. Wanajiolojia waliokuja baadaye walitazama miamba, wakaona majivu ya volkano yaliyogandamana na kujaa chumvi ya sodiamu. Kisha wakaja wachunguzi wa wanyama, miongoni mwao Ian Redmond, ambaye katika miaka ya 1980 aliwafuatilia tembo walioingia Kitum usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mikonga, wakivunja kuta kwa pembe zao na kuzitafuna ili wapate chumvi. Wenyeji wa mlima, ambao nao kwa vizazi vingi waliwachimbia ng'ombe wao chumvi humo, walikuwa wakilijua jambo hilo kabla mgeni yeyote hajaliandika.

Mpaka hapo msomaji mwenye haraka angesema: vizuri, tembo wanakula chumvi, nasi tumefaidika nini? Lakini mwaka 1980 mfanyakazi mmoja wa kigeni, aliyekuwa akifanya kazi karibu na kiwanda cha sukari cha Nzoia hapa Bungoma, alilitembelea pango hilo. Siku chache baadaye aliugua homa ya kutoka damu, akafia katika hospitali mjini Nairobi, na daktari aliyemhudumia akaambukizwa, ingawa alipona. Ilikuwa homa ya Marburg, iliyopewa jina la mji wa Ujerumani ambako ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1967, kwa watu walioshughulika na nyani waliopelekwa huko kutoka Uganda. Mwaka 1987 kijana mmoja wa Kidenmaki, ambaye naye alikuwa ameingia Kitum, aliugua vivyo hivyo akafa. Mwaka uliofuata wataalamu waliingia pangoni wakiwa wamevaa mavazi ya kinga, wakatega panya, popo, wadudu na kila kilichotambaa. Hawakuipata virusi waliyoitafuta.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 2007, ambapo virusi vya Marburg vilipatikana katika popo wakubwa walao matunda, nchini Gabon na katika machimbo ya Kitaka nchini Uganda. Mwaka 2010 ikachapishwa habari ya virusi hivyo kutoka kwa popo wa aina hiyo hiyo aliyenaswa hapa Kenya. Basi fikiria, ewe mwalimu wa bayolojia: ili daktari aweze kusema ni popo yupi, sharti awepo mtu aliyekwisha kuwagawa popo katika spishi zao, akapima mbawa zao, akahesabu meno yao, akaandika hulala wapi na huzaa lini. Mtu huyo alifanya kazi yake miaka mingi kabla ya hofu kuingia, na inawezekana sana kwamba jamaa zake walimwona kama aliyepungukiwa na shughuli. Daktari, mwanajiolojia, mfuatiliaji wa tembo na mhesabu popo hawakuwahi kuketi katika kamati moja. Pango ndilo lililowakutanisha.

Kitale penyewe pana mfano mwingine wa namna hiyo, nao uko wazi kwa yeyote awezaye kulipa kiingilio. Hugh Stoneham, mwanajeshi wa Kiingereza aliyekuwa mlowezi katika nchi hii, alikuwa na uraibu wa kukusanya wadudu, hususan vipepeo, pamoja na ndege, vitabu na vifaa vya wenyeji. Mwaka 1926 alifungua makumbusho yake ya binafsi. Alipofariki mwaka 1966 aliuachia umma mkusanyiko wake, na mwaka 1974 ukawa msingi wa makumbusho ya taifa mjini Kitale, ya kwanza kati ya makumbusho ya mikoani huku bara. Hatuna haja ya kumsifu mlowezi kwa ardhi aliyoikalia. Hilo lina historia yake chungu katika Trans Nzoia, na wanaodai haki zao wanaijua kuliko sisi. Ila kipepeo aliyechomwa pini na kuandikiwa tarehe na mahali ni ushahidi ambao haukarabatiwi. Misitu iliyokuwa hapo imekatwa, na vinamasi vimegeuzwa mashamba. Mwanafunzi wa leo atakaye kujua ni viumbe gani walioishi hapa kabla ya jembe la trekta hawezi kurudi nyuma kuwakusanya upya.

Wengi watasema kwamba Kitale haikupata jina kwa vipepeo, ilipata jina kwa mahindi. Ni kweli, na kisa cha mahindi kinastahili kusimuliwa darasani kwa urefu kuliko kinavyosimuliwa. Mwaka 1955 Michael Harrison alianza hapo kazi ya kuboresha mbegu za mahindi. Mahindi ya wakulima wa hapa yalikuwa yamechaguliwa kwa miaka mingi, lakini asili yake ilikuwa finyu. Ikambidi mtafiti huyo kutafuta damu mpya katika nchi za Amerika ambako mahindi yalianzia, naye akarudi na aina mbalimbali za kule, mojawapo ikitoka nyanda za juu za Ecuador. Alipoichanganya na mbegu iliyoboreshwa ya Kitale, kukazaliwa chotara ambayo mwaka 1964 ilitolewa kwa wakulima kwa jina la H611. Kampuni ya mbegu iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1956, na ambayo mwanzo wake ulikuwa katika mbegu za nyasi za malisho, ndiyo iliyoizalisha na kuisambaza. Mtu ambaye hajawahi kufika Ecuador, mwenye ekari mbili Kimilili au Kiminini, akawa anakula matunda ya kijiji asichokijua jina.

Mbegu peke yake haikutosha. Mtaalamu wa kilimo A. Y. Allan alifanya majaribio katika mashamba ya magharibi ya Kenya, akalinganisha mbegu, mbolea, palizi, nafasi kati ya mashina, na siku ya kupanda. Aliyoyaona yalimpa heshima mkulima asiye na fedha: kupanda mapema mvua ianzapo na kupalilia kwa wakati, mambo yasiyonunuliwa dukani, yalikuwa na uzito mkubwa mno katika mavuno. Naye mchumi John Gerhart, katika uchunguzi uliotoka mwaka 1975, aliangalia jambo jingine kabisa, yaani namna wakulima walivyoipokea mbegu hiyo mpya. Alikuta kwamba wa magharibi ya Kenya waliipokea kwa kasi iliyolingana na ya wakulima wa Marekani katika miaka ya 1930 na 1940, au hata kuipita. Wale waliozoea kusema mkulima wetu ni mgumu wa kubadilika hawakupendezwa, tunadhani. Mwanabayolojia asingeweza kuligundua hilo kwa darubini yake, na mchumi asingeweza kuitengeneza H611.

Pale pale Kitale palikuwa na kituo cha utafiti wa nyasi. Mtaalamu wa mimea A. V. Bogdan alifanya kazi humo kwa miaka mingi, akichunguza nyasi na mimea jamii ya kunde ifaayo kwa malisho, na mwaka 1977 kikatoka kitabu chake kikubwa kuhusu mimea ya malisho ya nchi za joto. Kwa mtazamo wa mpanda mahindi, mtu huyu alikuwa akishughulika na chakula cha ng'ombe, basi. Sasa tazama yaliyofuata. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kile chenye maabara huko Mbita kando ya ziwa, wakiongozwa na Zeyaur Khan na kushirikiana na mwanakemia John Pickett wa Uingereza, walitafuta njia ya kuwaepusha wadudu watoboao mabua ya mahindi bila dawa za sumu. Walipanda mimea yenye harufu ya kuwafukuza wadudu katikati ya mahindi, na matete ya malisho yenye kuwavuta pembezoni mwa shamba. Mashamba ya kwanza ya wakulima waliojaribu njia hiyo yalikuwa katika Suba na Trans Nzoia. Miongoni mwa mimea iliyopandwa katikati ya mistari ilikuwa desmodiamu, mmea wa malisho.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyeliombea fedha. Palipokuwa na desmodiamu, gugu la Striga lilitoweka. Msomaji wa Bungoma, Busia au Siaya hahitaji kuelezwa gugu hilo lenye maua ya zambarau, ambalo Waluo huliita kayongo na ambalo hunyonya mizizi ya mahindi mpaka shina linabaki limedumaa kama mtoto mwenye utapiamlo. Wanakemia walipochunguza mizizi ya desmodiamu walikuta kwamba hutoa kemikali zinazoichochea mbegu ya gugu iote, na nyingine zinazokizuia kimzizi chake kisishike mahindi. Gugu linajiua lenyewe ardhini. Walianza na mdudu wakaishia kwenye gugu. Kama asingekuwepo mtu wa nyasi aliyeijua desmodiamu, na mtu wa harufu aliyemjua mdudu, na mkulima aliyekubali kupanda chakula cha ng'ombe ndani ya chakula cha watoto, tungekuwa bado tunang'oa Striga kwa mikono kila palizi. Wengi bado wanaing'oa hivyo, kwa sababu tutakazozitaja.

Tutaulizwa: na huyu wa neno moja la Lubukusu je? Hapa ndipo wacheshi hucheka zaidi, na hapa ndipo tunapotaka wanafunzi wa lugha wasikilize. Katika Kiswahili tunasema "nilisema kwamba", "alisema kwamba", "walisema kwamba". Neno kwamba halibadiliki hata kidogo. Mbukusu husema ndi ikiwa yeye ndiye aliyesema, ali ikiwa ni mtu mwingine, bali ikiwa ni watu wengi. Yaani kile kijineno kiunganishi hugeuka kumfuata msemaji wa sentensi iliyotangulia. Kila bibi wa Chwele hulitumia bila kuliwazia. Lakini nadharia za sarufi zilizojengwa kwa lugha za Ulaya hazikulitarajia, na wanaisimu wa Marekani kama Michael Diercks, wakishirikiana na Justine Sikuku wa Chuo Kikuu cha Moi ambaye Lubukusu ni lugha yake, wameandika mengi kulieleza. Matokeo yake ni kwamba katika madarasa ya isimu ng'ambo, mwanafunzi hutakiwa kuijua sarufi ya Bungoma kabla ya kudai kwamba anajua sarufi ya binadamu. Wakati huo huo, hapa kwetu, wapo walimu wanaomwadhibu mtoto kwa kusema lugha hiyo uani.

Si kila utafiti uliofanywa huku ulikuwa mzuri, na kutetea aina nyingi za utafiti hakumaanishi kusifu kila kitu. Mwaka 1925 mwanasaikolojia mashuhuri wa Uswisi, Carl Jung, alipiga kambi kwenye miteremko ya Elgon. Aliwauliza wenyeji juu ya ndoto zao, akizungumza kwa Kiswahili cha kubabaisha, na baada ya majuma machache akaondoka na fikira ambazo zilikuja kuingia vitabuni mwake na kusomwa duniani kote. Mganga mmoja mzee alimwambia kwamba tangu Wazungu waje hakuna aotaye tena ndoto kubwa, kwa kuwa Bwana DC ndiye ajuaye kila kitu. Jung aliona humo mambo mazito ya roho ya binadamu. Sisi tunashuku kwamba mzee yule huenda alikuwa akimkejeli mgeni. Linganisha na Günter Wagner, Mjerumani aliyekaa miongoni mwa Walogoli na Wabukusu kati ya mwaka 1934 na 1938, akasikiliza, akarudia, akaandika majuzuu mawili makubwa kuhusu koo, ndoa, matanga na mizimu. Kazi yake ina makosa ya zama zake, lakini watafiti waliomfuata, Gideon Were aliyechapisha historia ya Abaluyia mwaka 1967 na F. E. Makila aliyeandika ya Wabukusu mwaka 1978, walipata kitu cha kukisahihisha. Cha Jung kinasemwa sana. Hakisahihishiki, kwa sababu hakuna aliyebaki na ushahidi.

Sasa turudi kwenye matatu. Tulipokaribia Kamukuywa, mzee alitoa lalamiko lake la pili. Alisema kwamba wakati akifundisha walikuja vijana wenye fomu na kalamu, hakumbuki tena walitumwa na nani. Waliwapima watoto wa darasa lake, wakamuuliza yeye maswali kwa saa nzima, wakampa soda, wakaenda zao. "Mpaka nimestaafu," akasema, "sijui walikuta nini. Niliwapa darasa langu. Wao walinipa Fanta."

Kwa hakika wilaya hizi zimepimwa kuliko nyingi. Baada ya Kenya kuiacha klorokwini mwaka 1998 kwa sababu malaria ilikuwa imekwisha kuizoea, palikuwa na kazi ya kuwafundisha wenye vioski dawa mpya na vipimo vyake. Katika Wilaya ya Bungoma, kama tulivyoiita wakati huo, ilijaribiwa mbinu ya busara: walifunzwa wauzaji wa jumla, wakapewa mabango, nao wakawafunza wateja wao wa rejareja walipokuja kununua shehena. Taarifa ya jaribio hilo ilichapishwa mwaka 2003 katika jarida la kimataifa la malaria, ikionyesha kuwa vioski vilivyofikiwa vilikuwa na maarifa bora kuliko vingine.

Linalowahusu zaidi walimu ni jaribio lililoanza mwaka 2005 katika shule za msingi za Bungoma na Butere-Mumias. Shule 140 zilipewa mwalimu mmoja wa ziada wa mkataba kwa darasa la kwanza. Katika shule 121 kati ya hizo, zilizokuwa na darasa moja tu la kwanza, darasa liligawanywa mara mbili. Nusu ya shule ziliwagawa watoto kwa kura, na nusu kwa alama zao, wenye nguvu upande mmoja na wanyonge upande mwingine. Wengi wetu tungetabiri kwamba wanyonge wangeumia. Baada ya miezi 18 matokeo yalikuwa kinyume: katika shule zilizogawa kwa alama, watoto wa pande zote mbili walifanya vizuri zaidi, na waandishi walieleza kwamba mwalimu anapopata darasa la watoto wanaokaribiana huweza kufundisha kwa kiwango chao. Waandishi hao, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, walichapisha makala yao mwaka 2011 katika jarida kuu la wachumi wa Marekani. Mwaka 2019 wawili kati yao, Duflo na Kremer, walishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi, na kazi za magharibi ya Kenya zilitajwa sana katika sifa hizo.

Mtu anaweza kubishana na matokeo hayo, na ingefaa sana abishane. Je, yangetokea vivyo hivyo katika darasa la sita? Je, ni mgawanyo uliosaidia au ni kule kupunguza msongamano? Mwalimu wa Sirisia mwenye watoto 80 ana haki na ujuzi wa kuyauliza maswali hayo kuliko profesa wa Boston. Lakini atayaulizaje, ikiwa makala imeandikwa kwa Kiingereza cha takwimu na imewekwa katika jarida ambalo hata maktaba ya kaunti haliagizi? Tunawauliza wakuu wa vyuo vya walimu katika kaunti hizi mbili: ni wanafunzi wangapi wanaohitimu kwenu wakiwa wameisoma habari ya jaribio lililofanyiwa madarasa ambayo huenda wao wenyewe walisomea?

Hapo ndipo ilipo kasoro. Mashamba ya wasomi kuwa mengi si ubaya. Ubaya ni kwamba mavuno yote yanapelekwa ghala la mbali. Striga ingali inang'olewa kwa mikono katika vijiji vilivyo mwendo wa saa chache kutoka mahali dawa yake ilipojaribiwa. Na anayesema tiba ya jambo hili ni kufuta idara za fasihi, historia na isimu ili fedha ziende maabara, hajatazama. Maabara nazo hazirudishi majibu.

Sheria ipo. Ile ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 iliunda tume ya kitaifa inayotoa vibali vya utafiti, na mtafiti anayepewa kibali hutakiwa kujitambulisha kwa wakuu wa kaunti kabla ya kuanza, kisha kuiletea tume nakala ya ripoti yake amalizapo. Sheria hiyo hiyo ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya hazina ya utafiti, kiasi ambacho Serikali haijawahi kukitoa. Lakini hata tukiziacha fedha kando, nakala iliyoko Nairobi haimfai mwalimu wa Kapsokwony. Tunapendekeza sharti moja liongezwe katika kibali: kila mtafiti, awe Mkenya au mgeni, awe wa popo au wa ndoto, aache nakala katika kaunti alikofanyia kazi, pamoja na kurasa mbili au tatu za Kiswahili chepesi zinazoeleza alitafuta nini, alikuta nini, na nini hakukipata. Hilo la mwisho lisisahauliwe. Msafara wa Kitum wa mwaka 1988 haukukuta kitu, na kutokukuta kwake kulikuwa na thamani.

Mahali pa kuziweka papo. Bungoma ina Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015. Kitale ina makumbusho ambayo yalianzia kwenye hazina ya vitabu na vielelezo vya mtu mmoja, na ina kituo cha utafiti wa kilimo cha miaka mingi. Kakamega, jirani yetu, pana chuo kikuu kilichopewa jina la Masinde Muliro, mtu aliyeishi Kitale na kujua thamani ya elimu. Hatusemi lijengwe jengo. Wanasiasa wakisikia jengo watatafuta mkandarasi kabla ya kutafuta kitabu. Rafu moja ingetosha kwa kuanzia, na mtu mmoja wa kuitunza, na ruhusa kwa mwalimu yeyote kuingia bila barua ya mkuu wake.

Wataalamu wengine watanung'unika kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi zao. Hiyo ni kazi nyingine ya utafiti, na wapo vijana wa isimu wanaoisubiri. Wengine watasema watu hawatasoma. Wasiposoma mwaka wa kwanza, na tuone wa pili. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada, nao wangeacha kunakiliana vichwa vya tasnifu wakibadilisha jina la kaunti tu, kwa kuwa wangeona kwa macho yao ni nini kimekwisha kufanywa, na wapi jirani wa taaluma nyingine aliacha swali wazi.

Mzee alishuka Kiminini. Kabla ya kushuka alitaka kujua kama ile makala ya madarasa ya mwaka 2005 inaweza kupatikana, na tukamwambia kwamba tutamletea, ingawa ni ya Kiingereza na ina hesabu nyingi. Akasema hesabu si neno, alizifundisha miaka thelathini na mitatu. Kisha akarudisha kichwa dirishani na kuuliza kama tunaweza kumletea pia ile ya popo.